Samoni Si Kambare: Afya ya Vifaranga katika Tangi la Darasani

Hotuba kwa wazazi na walimu wasaidizi wanaozungumza Kiswahili, kusini mwa Seattle

Ndugu walimu, wazazi wenzangu, na ninyi vijana mliokubali kuamka mapema siku ya Jumamosi, ninawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kuniita.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kila mwaka, kuanzia Januari hadi Mei, huwanyima usingizi baadhi yetu tuliomo humu ndani, nalo ni afya ya vifaranga wa samoni wanaolelewa katika matangi ya kioo madarasani. Shule nyingi za eneo hili hupokea mayai ya samoni kutoka vituo vya kuzalishia samaki, huyatunza mpaka yakaanguliwa, huwalea vifaranga kwa miezi michache, kisha huwapeleka kijitoni kwa kibali maalumu. Wanafunzi huipenda kazi hii kuliko somo lolote la kitabuni. Lakini anayebaki na tangi saa tisa alasiri, kengele ikishalia na mabasi yakishaondoka, mara nyingi ni mwalimu msaidizi au mzazi aliyejitolea, na katika shule zetu huyo huwa ni mama kutoka Bukavu, baba kutoka Kigoma au dada kutoka Mombasa, ambaye amekabidhiwa mwongozo mnene wa Kiingereza na kuambiwa tu kwamba samaki wasife.

Mimi ni mmoja wenu. Nilikulia Morogoro, ambako mjomba wangu alifuga sato na kambare katika mabwawa mawili nyuma ya nyumba, kwa hiyo nilipopewa tangi la kwanza nilijiona mjuzi. Ujuzi huo ndio ulioniponza. Kambare anaweza kukaa katika tope lenye maji ya kufika kifundoni, akapanda juu na kuvuta hewa kama wewe na mimi. Sato naye huvumilia maji ya vuguvugu na uchafu wa kiasi kikubwa. Samoni hana uvumilivu huo hata kidogo. Yeye ni wa mito inayoshuka kutoka kwenye theluji, na mwili wake unataka maji baridi, safi, yenye oksijeni tele. Maji ya nyuzi joto 10 za Selsiasi yanaweza kubeba miligramu 11 hivi za oksijeni katika kila lita, ilhali yakifika nyuzi 25, ambazo kwa bwawa la mjomba ni jambo la kawaida, hubeba miligramu 8 tu. Ndugu zetu wa Nyeri wataelewa upesi zaidi, maana trauti wanaofugwa Kiganjo, chini ya Mlima Kenya, ni wa ukoo huu huu, na sijasikia mtu aliyefikiria kumfuga trauti katika joto la Mombasa.

Naomba nianze na kosa langu, kwa sababu mengi nitakayosema yametoka humo.

Mwaka wangu wa pili, mwezi wa Machi, tulikuwa na vifaranga karibu 180 wa samoni aina ya koho, wazima, wenye kula vizuri. Ijumaa moja alasiri mtu mwenye huruma, ambaye simlaumu, alihesabu kuwa samaki watashinda siku mbili bila chakula, akawamiminia chakula cha siku tatu kwa mpigo. Jumatatu asubuhi niliwakuta wamepanda juu, wamejazana pale maji yanapotoka kwenye chujio, wakifungua na kufunga midomo kwa haraka kama mtu aliyepanda ngazi akikimbia. Chini, juu ya changarawe, walilala wafu zaidi ya 40, na baadhi yao walikwisha kufunikwa na kitu cheupe mfano wa pamba. Nilipoiona ile pamba nikasema, bila shaka huu ni ugonjwa wa ukungu. Nikakimbilia dukani, nikanunua dawa ya samaki, nikaitia tangini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kufikia Jumatano nilibaki na vifaranga 11.

Nilipopiga simu kituoni kuomba ushauri, mzee aliyepokea hakutaka kujua ukungu ulionekanaje. Aliuliza vipimo vya maji vilisema nini. Sikuwa nimepima. Nilipopima, ile rangi ya kipimo cha amonia, sumu inayotokana na taka za samaki na chakula kilichooza, ambayo katika maji mazuri hubaki ya manjano, iligeuka kijani kilichoiva kabisa, rangi ya mwisho kwenye kadi ya kulinganishia. Chakula kilichooza ndicho kilichowaua wale wa kwanza. Ukungu ulikuja baadaye kula maiti, kama kunguru wanavyofika machinjioni kazi ikishakwisha. Na dawa yangu ikawaua bakteria wa kwenye chujio, ambao ndio pekee wangeweza kuiondoa ile sumu. Niliwanywesha wagonjwa dawa, nikamuua mganga.

Tangu siku hiyo, samaki wa darasani akionekana hana raha, swali langu la kwanza ni maji yamebadilika nini tangu jana, na swali la ugonjwa hulisubirisha mpaka hilo lijibiwe. Ninawaomba nanyi mlizoee.

Sasa tuanze na mayai. Yanapofika kwetu, kwa kawaida Januari, yamekwisha kuota macho, maana yake ukiyaangalia kwa karibu utaona nukta nyeusi ndani ya kila yai la rangi ya chungwa. Kabla ya hatua hiyo yai la samoni ni dhaifu kiasi kwamba mtikisiko tu unaweza kuliua, na ndiyo sababu kituo hulingoja lipite hapo kabla ya kulisafirisha. Huko kituoni mayai huoshwa kwa maji yenye iodini ili kupunguza vijidudu vinavyokuja na maganda. Sisi wajibu wetu wa kwanza ni kutoyashtua. Kama kisanduku kimefika na ubaridi wa nyuzi 6 na tangi lina nyuzi 11, usiyamwage moja kwa moja eti watoto wanasubiri; changanya maji ya tangi kidogo kidogo ndani ya chombo cha mayai mpaka vipimajoto viwili visome sawa, na watoto waimbe wimbo mmoja zaidi.

Adui wa pili wa yai ni mwanga. Samoni jike huyafukia mayai yake chini ya changarawe ya mto, ambako ni giza totoro, kwa hiyo taa za darasani na jua la dirishani ni mambo ambayo yai halikuumbiwa. Funika pande zote za tangi kwa mbao nyepesi za povu, acha kidirisha kimoja cha kufungua na kufunga, na uwaambie watoto kwamba wanachungulia chumba cha mzazi aliyejifungua. Watoto wetu wanaelewa adabu hiyo bila maelezo marefu.

Baadhi ya mayai yatakufa hata ukifanya kila kitu sawa. Yai hai hupenyeza mwanga. Lililokufa hugeuka jeupe kama ute wa yai la kuku uliochemshwa. Likiachwa, ndani ya siku chache huota nyuzi za ukungu uitwao Saprolegnia, na hizo nyuzi hazibagui, bali hutambaa na kuyakaba mayai hai ya jirani mpaka yakose oksijeni. Kwa hiyo kila asubuhi maiti hutolewa. Mimi hutumia lile bomba la plastiki lenye mpira wa kuminya kichwani, ambalo Wamarekani hulitumia kumwagia mchuzi juu ya bata mzinga siku ya sikukuu ya Shukrani. Naliminya mpira likiwa bado nje ya maji, ili nisipulize mapovu katikati ya mayai. Naishusha ncha taratibu mpaka ikaribie lile yai jeupe kwa upana wa kidole. Kisha naachia kidole gumba kidogo tu, na yai lenyewe linapanda bombani. Ukiachia kwa pupa utavuta na majirani wanne wazima. Lililoshikana na mengine kwa nyuzi, litoe pamoja na yale yaliyoshikana nalo, hata kama moyo unauma.

Mtasikia wataalamu wakihesabu umri wa yai kwa joto badala ya siku. Hesabu yenyewe ni nyepesi: siku moja katika maji ya nyuzi 10 ni alama 10, na siku kumi ni alama 100. Mayai ya koho huanguliwa yakifika takribani alama 450 hadi 500 tangu kurutubishwa, na kifaranga humaliza akiba yake ya kiini karibu na alama 700 hadi 800. Ninaitaja hesabu hii katika hotuba ya afya kwa sababu ndiyo inayokuonya mapema. Ikiwa hesabu inasema bado wiki moja na mayai yameanza kupasuka, basi kipimajoto chako kinadanganya au mashine ya kupoza maji ilizimika usiku bila wewe kujua. Shuleni kwetu tuligundua kwa njia hiyo kwamba mfanya usafi alikuwa akichomoa waya wa mashine ili achomeke ufagio wake wa umeme, kisha akiurudisha baada ya saa kadhaa. Tulibandika karatasi kwenye soketi, kwa Kiingereza, Kihispania na Kiswahili, na jambo likaisha.

Kifaranga aliyetoka kwenye yai bado si samaki wa kuogelea. Anabeba kifuko cha kiini tumboni, kizito kuliko yeye, na kazi yake ni kulala gizani akikitumia. Ukiwaona wamerundikana kwenye kona usifikiri wanaumwa, maana wanakimbia mwanga na kutafuta kujificha. Hatari iko kwenye tangi lisilo na changarawe, ambalo vifaranga hujikusanya mahali pamoja na wale wa chini wakakosa hewa. Kuna dalili mbili za hatua hii ambazo kila mlezi anapaswa kuzitambua kwa macho. Ya kwanza ni kifuko kuvimba na kujaa maji yenye rangi ya samawati, jambo linalohusishwa na amonia kukusanyika au oksijeni kupungua. Ya pili ni madoa meupe magumu ndani ya kiini, kana kwamba kimeanza kuiva, ambayo hufuata mishtuko ya joto, kushikwashikwa, madini kama shaba ndani ya maji, au hewa kuzidi kiasi. Hakuna dawa ya dalili hizo. Ambaye kiini chake kimeganda hatakitumia, naye atakufa. Tunachoweza kufanya ni kurekebisha maji kwa ajili ya wenzake. Wale wenye vichwa viwili, au wenye mgongo uliopinda wanaozunguka kama pia, hutokea wachache karibu kila mwaka, na hawajasababishwa na kosa la mtu.

Nimefika sasa kwenye amonia, na hapa nitakaa, mniwie radhi.

Samaki hutoa taka yake ya nitrojeni kupitia matamvua, yaani yale mashavu mekundu anayopumulia, na taka hiyo ni amonia. Mtoni maji huichukua na kuondoka nayo. Katika tangi la lita 200 haiendi popote. Siku za mayai hakuna shida, na wakati wa kifuko shida ni ndogo; siku unayotia chakula kwa mara ya kwanza ndiyo siku tangi linapoanza kuchafuka kwa kweli. Wokovu wetu ni bakteria wanaojenga makazi kwenye chujio na changarawe: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, na kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia vizuri zaidi. Tatizo ni kwamba bakteria hao huongezeka polepole, na katika maji baridi huchelewa zaidi. Kuwangoja wiki sita au nane ni jambo la kawaida. Anayewasha tangi siku moja kabla ya mayai kufika amejenga nyumba bila choo. Washa tangi mapema, wape bakteria chakula, na kama kuna tangi la mwaka jana lililokuwa na afya, tumia chujio lake.

Sasa jambo ambalo halikuelezwa vizuri katika mwongozo niliopewa. Kadi ya kupimia inakuonyesha amonia yote, lakini amonia yote si sumu kwa kiwango kimoja. Sehemu yake kubwa huwa katika umbo lisilo na madhara makubwa, na sehemu ndogo tu ndiyo inayopenya kwenye matamvua na kuunguza. Ukubwa wa sehemu hiyo ndogo unategemea joto na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ambacho namba yake hushuka uchachu ukizidi. Katika maji ya nyuzi 10 yenye pH ya 7, sehemu kali haifiki 2 katika kila 1,000. Panda hadi pH ya 8, na sehemu hiyo inakuwa karibu 18 katika 1,000. Rangi kwenye kadi ni ile ile, na sumu imeongezeka karibu mara kumi. Watunzaji wa samoni hawapendi kuona sehemu kali ikifika miligramu 0.02 kwa lita, na kwa hesabu hiyo mtaona kwamba kusoma 1 kwenye kadi kunaweza kuwa jambo la kuangaliwa kesho au jambo la kuacha chai mezani na kukimbia.

Hapa Seattle kuna mtego wa ziada. Maji yetu ya bomba hutoka milimani, kutoka mito ya Cedar na Tolt, nayo ni maji laini, yenye chumvichumvi chache za mawe, ambayo huongezewa pH hadi kupita 8 kidogo ili yasile mabomba. Maji laini hayana nguvu ya kushikilia pH yake. Bakteria wa chujio wanapofanya kazi huongeza uchachu, na baada ya wiki kadhaa pH ya tangi inaweza kuteremka hadi 6.5 au chini yake. Hapo bakteria huzubaa, amonia hupanda, na kwa ajabu samaki huonekana hawana shida, kwa sababu katika uchachu huo amonia nyingi haina makali. Anakuja mtu mwema, anaona kadi imegeuka kijani, anamwaga nusu ya tangi na kujaza maji mapya ya pH ya 8. Katika dakika chache amonia iliyobaki inageuka kuwa kali, na vifaranga wanakufa mikononi mwa aliyekuja kuwaokoa. Nimeliona hili likitokea kwa mwalimu makini kuliko mimi. Tahadhari yake ni kubadilisha maji kidogo na mara kwa mara, sehemu moja ya kumi au moja ya tano kwa wakati, kuanzia siku ya kwanza ya kulisha na si siku ya msiba, na kupima pH pamoja na amonia kila mara, kwa sababu kipimo kimoja bila kingine ni nusu ya habari.

Nitriti nayo ina namna yake ya kuua. Inaingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, kiasi kwamba damu hugeuka rangi ya kahawia na samaki akahema juu ya maji ingawa pampu ya hewa inafanya kazi kikamilifu. Ukiona kuhema huko huku amonia ikisoma sifuri, pima nitriti. Chumvi kidogo huzuia nitriti isiingie kwenye matamvua, lakini msitie hata punje kabla ya kukubaliana na kituo juu ya kipimo na aina ya chumvi.

Kuhusu chakula chenyewe nina maneno ya mzazi kwa wazazi. Sisi tumelelewa kwamba mtoto hanyimwi chakula na mgeni haondoki na njaa, na tabia hiyo njema tunaipeleka tangini. Darasa lina watoto 28, na kila mmoja anataka kutia chake. Vifaranga wanaoanza kula hutosheka na ungaunga wa kushika kwa ncha za vidole viwili, mara chache kwa siku, na kinachozama bila kuliwa ndani ya dakika chache ni amonia ya kesho. Kifaranga aliyekwisha kuzoea kula, katika maji baridi, hadhuriki akikaa Jumamosi na Jumapili bila chakula. Kuna wengine, kwa upande mwingine, ambao hawajifunzi kula kabisa. Kichwa huonekana kikubwa, mwili umekonda kama pini, na huelea kivivu karibu na uso wa maji. Hao huongezeka ukianza kulisha mapema mno au ukichelewa mno. Anza pale wengi wao wameinuka kuogelea na ule mpasuko wa tumboni ulipokuwa kifuko umekaribia kufunga kama kifungo cha shati.

Kabla sijaliacha suala la maji, niseme kwa haraka juu ya sumu zinazoingia kwa mlango wa nyuma. Klorini ya maji ya bomba huunguza matamvua na kuua bakteria wa chujio. Acha maji yapulizwe hewa kwa saa 24 au tumia dawa ya kuiondoa, na kama unaishi mji unaotumia kloramini, kuyaacha tu hakutoshi. Fungua bomba dakika kadhaa kabla ya kukinga, hasa Jumatatu, kwa sababu maji yaliyolala kwenye mabomba ya shaba huokota shaba, nayo ni sumu kwa samoni hata ikiwa kidogo sana. Usitumie ndoo iliyowahi kuwa na sabuni. Mikono yenye mafuta ya kujipaka isiingie tangini. Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba pampu ya hewa huvuta hewa ya chumba, hivyo dawa inayopuliziwa mezani huishia kwenye mapovu. Na maji ya mvua ya barabarani msiyalete kamwe. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya jimbo hili walitangaza kwamba kemikali inayotokana na matairi ya magari, inayooshwa na mvua hadi vijitoni, ndiyo iliyokuwa ikiwaua koho wakubwa wanaorudi kuzaa katika vijito vya mijini hapa kwetu. Walikuwa wakifa kabla ya kutaga.

Yapo magonjwa ya kweli, na sitaki mwondoke mkidhani nimeyakana. Kuna bakteria aitwaye Flavobacterium psychrophilum anayependa baridi ile ile tunayomwekea samoni; hula ngozi ya mkiani mpaka nyama na mfupa vionekane. Kuna bakteria wengine wanaoshambulia matamvua, yakavimba na kutoa ute, na hao hupata nafasi pale samaki wamebanana na maji yamechoka. Kuna ugonjwa wa figo ambao mama huweza kuupitisha ndani ya yai lenyewe, na huo iodini ya nje haiufikii. Namna ninavyotofautisha ni hii: maji yakiharibika, huugua wengi kwa pamoja na kwa ghafla, tena siku ile ile kuna kitu kilichobadilika; ugonjwa wa kuambukiza huanza kwa mmoja, kesho wawili, keshokutwa watano, wote wakiwa na kidonda cha aina moja, huku vipimo vikiwa safi. Ukiuona mwendo huo, piga picha, weka maiti wawili au watatu kwenye mfuko ndani ya jokofu, si kwenye friza, na uwapigie waliokupa mayai. Usitie dawa ya kuua bakteria kwa uamuzi wako. Usihamishe wavu wala bomba kutoka tangi hilo kwenda darasa jingine. Wala usiharakishe kuwaachia kijitoni ukidhani mto utawaponya. Samoni wa Chinook wa ghuba hii ya Puget wako chini ya ulinzi wa sheria ya nchi tangu 1999, na mito hii inasimamiwa na jimbo pamoja na makabila ya wenyeji, ambao wamewategemea samoni tangu kabla hapajakuwa na jimbo. Ugonjwa tutakaoubeba ndani ya ndoo ya shule tutakuwa tumeumwaga ndani ya chungu cha watu wengine.

Nimalizie na watoto. Jumatatu ile niliyoieleza, mwanafunzi mmoja wa darasa la nne alisimama mbele ya kioo akauliza kwa Kiswahili, ili wenzake wasielewe, kama sisi ndio tuliowaua. Familia yake ilikuwa imetoka kambini miezi michache nyuma, na niliona kwamba halikuwa swali la samaki peke yake. Ningeweza kumwambia kuwa samaki wamelala, au kuwatupa wote kabla ya kengele, kama nilivyoshauriwa na mtu mzima mmoja. Nilimjibu kwamba ndiyo, chakula chetu kiliwazidi, na kwamba hatukujua. Tukakaa wawili tukaandika kwenye daftari la tangi: tarehe, joto, pH, amonia, idadi ya waliokufa, idadi ya waliobaki. Tangu mwaka ule daftari hilo huandikwa na watoto wenyewe, na safu ya waliokufa haifichwi. Samoni jike mmoja anaweza kutaga mayai elfu mbili au tatu, na kama idadi ya samoni inabaki ile ile kizazi hadi kizazi, wawili tu kati ya hao ndio wanaorudi mtoni kuzaa. Watoto wakijua hesabu hiyo hawaogopi kifo cha mmoja mmoja. Wanachokasirikia ni kifo ambacho daftari linaonyesha kingezuilika, na hasira hiyo ninaipenda. Ni wao waliomkataza mwalimu mkuu kutia chakula siku ya wageni.

Muda wangu unakaribia kwisha na hapa mezani nimeleta vikombe viwili. Cha kwanza ni maji ya bomba la jikoni ya ukumbi huu, niliyokinga asubuhi. Cha pili nimekichota jana jioni kwenye tangi la shule mojawapo kati ya zetu, kwa ruhusa, na sitasema ni ipi. Mama uliye karibu na dirisha, tafadhali fungua pazia, maana rangi hizi husomwa vizuri kwenye mwanga wa mchana kuliko chini ya taa. Tutatia matone manane ya chupa ya kwanza, manane ya chupa ya pili, tutatikisa, na tutangoja dakika tano bila kuchungulia kadi. Wakati tunangoja, kila mmoja aandike kwenye karatasi yake anadhani ni rangi gani itatoka, na kama angebadilisha maji leo au la.